Tuhuma Isiyotiwa Sahihi

Kisa hiki kilitokea Kampala, kwenye mashindano ya wazi ya sataranji ya mwisho wa wiki. Yalikuwa ya raundi 7, kila mchezaji na dakika zake 15 pamoja na sekunde 10 za nyongeza kila anapocheza. Nilikuwa mmoja wa watu watatu wa kamati ya rufaa, kwa hiyo karatasi zote zilipita mikononi mwangu. Majina ya watu, ya klabu na ya mashindano nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha, maana mhusika mkuu ni mtoto wa miaka 14.

Mtoto huyo alitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pamoja na wenzake wawili na mwalimu wao. Ni Wakongo. Kiganda hawakijui na Kiingereza chao ni cha darasani, kwa hiyo ukumbini walielewana kwa Kiswahili na Wakenya waliovuka Busia na vijana wa Kampala waliokikuta Kiswahili kambini kwa baba zao wanajeshi. Hakuwa na reitingi yoyote, yaani namba rasmi inayopima nguvu ya mchezaji. Katika raundi ya nne akapangiwa vipande vyeusi dhidi ya mchezaji wa klabu moja ya mjini, mtu mzima mwenye reitingi ya zaidi ya 1900 na kikombe au viwili nyumbani.

Mchezo ulikwisha haraka. Mweupe alifungua kwa askari wa mfalme, akatoa farasi na askofu, kisha akarusha farasi kwenye mraba wa g5 kulenga ule wa f7, shambulio ambalo kila mtoto wa klabu analijua. Mtoto hakuilinda f7. Alitoa askofu c5 kana kwamba hajaona kitu. Farasi mweupe akatua f7, akishika malkia na ngome kwa pamoja. Mtoto akala f2 kwa askofu, shahi, yaani mfalme akatishiwa. Mweupe akaogopa kula, akapeleka mfalme e2. Farasi d4, shahi tena, mfalme d3. Mtoto akasukuma askari b5, askofu mweupe akarudi b3, na farasi mweusi wa pili akala e4. Hapo mweupe akafanya alichokuwa anakitamani tangu hatua ya tano: akala malkia. Mtoto hakutikisika. Akaanza kumfukuza mfalme mweupe ubaoni kwa farasi na maaskofu hadi akamfikisha a5, katikati ya jeshi la adui, na kwenye hatua ya 14 ngome iliyokuwa imelala a8 ikafunguliwa njia, shahi. Mweupe akasimamisha saa, akampa mkono, akatoka nje.

Haikupita robo saa, kundi la WhatsApp la wachezaji likapokea ujumbe wake: "Kuna mtoto hapa anapewa hatua. Muwe macho." Chini yake aliweka picha ya programu iliyochambua mchezo, yenye asilimia ya juu sana upande wa mweusi.

Ujumbe ulitangulia chakula cha mchana. Raundi ya tano ilipoitwa, mpinzani wa mtoto, dada mmoja kutoka Kenya, alimwomba mwamuzi mkuu kwa adabu kabisa kwamba mtoto akaguliwe kwanza. Akakaguliwa: chumba cha pembeni, mwamuzi mwanaume, mwalimu wake akiwapo. Hakikupatikana kitu. Raundi ya sita mpinzani mwingine akagoma kukaa mpaka meza yao ihamishwe pembeni, mbali na watazamaji, na mwamuzi asimame hapo muda wote. Akakubaliwa. Mtoto alifungwa michezo yote miwili.

Mwalimu wake ndiye aliyekata rufaa. Na hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa na maana. Mwamuzi mkuu alikuwa ameshamwita yule mtu mzima mara mbili, akamwekea fomu ya malalamiko mezani, na mara zote mbili jibu likawa hilohilo: "Mzee, mimi sijamtuhumu mtu. Nimeuliza tu."

Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, za kuzuia udanganyifu zinalijua jambo hili vizuri. Mtu akija na shutuma ya udanganyifu, mwamuzi anatakiwa kwanza amtambue ni nani, amwombe ajaze fomu, aandike sababu zake, atie sahihi, kisha amweleze adhabu ya kutoa tuhuma isiyo na msingi wowote, yaani ile inayotokana na hasira au taarifa zisizotosha. Adhabu yenyewe si kali: mara ya kwanza ni onyo na jina kuingia kwenye orodha ya walioonywa. Onyo la pili ndani ya miezi 6 ndilo linalofungua mlango wa kufungiwa miezi 3. Hakuna anayezibwa mdomo. Kinachotakiwa ni mtu akubali kwamba maneno ni yake.

Tulipomwita mbele ya kamati, sababu alizotupa kwa mdomo zilikuwa nne: mtoto alikwenda chooni mara mbili asubuhi hiyo, mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma ya kamba akimtazama, malkia alitolewa bila kufikiri hata sekunde 10, na programu imesema hatua zake ni za enjini, yaani za kompyuta. Tulizipima zote, na si kwa uzito mmoja.

Choo kwanza, maana hicho ni cha haraka. Kukishuku choo si upuuzi. Mwaka 2015 kule Dubai, Gaioz Nigalidze, bingwa wa Georgia, alikutwa ameficha simu chooni. Mwaka 2019 kule Strasbourg, Igors Rausis naye alinaswa na simu chooni, na wote wawili wakapokonywa hadhi ya ugrandimasta, ya juu kabisa kwa mchezaji. Lakini mwaka 2006, katika pambano la ubingwa wa dunia kule Elista, Urusi, kambi ya Veselin Topalov ilidai Vladimir Kramnik anakwenda chooni zaidi ya mara 50 kwa mchezo mmoja. Kukatokea zogo, Kramnik akagoma, akapoteza mchezo wa tano bila kusogeza kipande, na hakuna aliyeonyesha simu wala waya. Dubai na Strasbourg kulikuwa na simu. Elista kulikuwa na hesabu ya safari za chooni. Mtoto wetu hakuondoka kitini tangu saa ya raundi ya nne ilipowashwa, na mwamuzi wa meza zile alilithibitisha.

Sababu ya pili ilitushughulisha zaidi. Mwalimu aliyesimama nyuma ya kamba anaweza kabisa kuwa mrija. Kwenye Olimpiadi ya sataranji ya 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, Mfaransa Sébastien Feller alikuwa akisaidiwa hivyohivyo: mwenzao aliyebaki Ufaransa aliangalia hatua kwenye kompyuta, akazituma kwa ujumbe wa simu kwa kocha ukumbini, na kocha akasimama nyuma ya meza fulani kuashiria mraba. Kilichowaumbua ni ujumbe wenyewe ndani ya simu. Kwa hiyo tukamuuliza mwalimu wa Nakivale simu yake ilikuwa wapi. Ilikuwa inachajiwa kwa mama muuza chai nje ya lango tangu asubuhi. Tukamfuata mama yule, akaitoa chini ya meza ya vikombe. Hilo lilichukua dakika tano, na mtu yeyote mwenye shaka angeweza kulifanya kabla ya kuandika kwenye kundi.

Malkia sasa. Mshtaki alisema, na nadhani alisema kwa moyo mweupe, kwamba hakuna mtoto anayeona mambo yale kwa sekunde chache. Ni kweli, hakuna. Mtoto hakuyaona, aliyajua. Mchezo ule, hatua kwa hatua, ni mchezo wa Karel Traxler, kasisi wa Bohemia (Ucheki ya leo), dhidi ya Reinisch, uliochezwa Hostouň mwaka 1890. Farasi g5, askofu c5, mfalme e2, malkia kuliwa d8, mfalme kufukuzwa hadi a5: vyote viko mle. Traxler alimkaba mfalme kwenye hatua ya 17. Mpinzani wa mtoto alijisalimisha mapema kidogo. Ufunguzi huo una jina la Traxler mpaka leo, na watoto wanaupenda kwa sababu una damu nyingi.

Kwenye sataranji ya haraka wachezaji hawalazimiki kuandika hatua, kwa hiyo hatukuwa na karatasi ya mchezo. Tulimwomba mtoto aupange upya ubaoni mbele yetu. Aliupanga bila kukosea. Tukamuuliza, je, mweupe angekula askofu f2? "Angekula, mwalimu, ninapiga shahi na farasi e4, kiisha malkia anakuja h4." Sawa kabisa. Je, mfalme angekula farasi e4 badala ya malkia? Akanyamaza, akakuna shingo. "Hapo sijue sana miye. Ningesukuma d5, ni shahi." Kwa upande wangu, kile asichokijua ndicho kilichonishawishi zaidi. Alikuwa amefundishwa mchezo mmoja mzuri, akaukariri, na mtu mwenye reitingi akaingia ndani yake kwa miguu yake mwenyewe.

Lile la asilimia lilituchukua muda mrefu, kwa sababu ndilo linalodanganya watu wengi. Programu inakupa namba kubwa, namba inaonekana kama hukumu. Lakini namba hiyo inapima tu hatua zako zilikuwa karibu kiasi gani na za kompyuta. Mchezo mfupi, wenye hatua za kitabuni na mpinzani aliyekwisha kuharibikiwa, utakupa asilimia ya bingwa wa dunia hata ukiwa mpishi wa rolex, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya. Ken Regan, profesa wa Chuo Kikuu cha Buffalo ambaye FIDE imekuwa ikitumia hesabu zake, huziacha kando hatua 8 za mwanzo kwa kuwa ni za kukariri, na huziacha pia hali ambazo upande mmoja umekwisha kushinda. Kinachobaki hukilinganisha na kile kinachotarajiwa kwa mtu wa reitingi ile, kwa michezo mingi. Toa hatua 8 kwenye mchezo wa mtoto, zinabaki 6, na karibu zote ni za kumfukuza mfalme aliye uchi. Hapo hakuna cha kupima.

Sababu ya tano haikutamkwa, lakini ilikuwa chumbani tangu mwanzo: mtoto wa kambi, asiye na reitingi, amemfunga mwenye jina. Reitingi ya kwanza ya FIDE inahitaji angalau michezo 5 dhidi ya watu wenye reitingi. Kutoka Nakivale hiyo ni nauli ya basi kutoka Mbarara, kiingilio, malazi ya siku mbili na mtu mzima wa kuongozana naye. Mtoto anaweza kucheza kila jioni kwa miaka mitatu na orodha ya FIDE isijue kama amezaliwa. Nchi hii inapaswa kuwa ya mwisho kusahau hilo. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ileile ya Khanty-Mansiysk. Waliodanganya kule walikuwa watu wa timu ya Ufaransa.

Mwenzangu mmoja kwenye kamati, mzee ninayemheshimu sana, alishikilia kwamba lisemwalo lipo. Akatukumbusha Nairobi, Aprili 2023, na ulikuwa ukumbusho mzuri. Kwenye Kenya Open, kitengo cha wanawake, alijitokeza mchezaji asiyejulikana, amejifunika buibui na nikabu, haongei na mtu, na anawafunga wenye majina, akiwemo Mganda Shakira Ampaira. Waamuzi walisita kwa sababu ya vazi, na walikuwa na haki ya kusita. Kisha wakaona viatu vya kiume. Wakamwita chumba cha faragha, wakamtaka kitambulisho, na akabainika kuwa ni mwanaume wa miaka 25, mwanafunzi. Alikiri kwa maandishi.

Nakubali kwamba ishara ilikuwa ileile: mgeni anamfunga mwenyeji mwenye jina. Ndiyo maana nasema kushuku si kosa. Lakini pale Nairobi shaka ilikwenda kwa waamuzi, waamuzi wakaenda chumbani, na chumbani kukapatikana jibu, ndipo dunia ikasikia. Kwetu dunia ilisikia kwanza, chumbani hakukupatikana kitu, na dunia haikuambiwa.

Vijana wengi waliotufuatilia walikuwa wanaliona jambo hili kwa macho ya sakata la Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, na Mmarekani Hans Niemann, kwa hiyo nalo tulilizungumza. Septemba 2022, kwenye Sinquefield Cup kule St. Louis, Niemann wa miaka 19, akiwa na vipande vyeusi, alimfunga Carlsen na kukatisha mfululizo wake wa michezo 53 bila kufungwa. Kesho yake Carlsen akajitoa, akaweka mtandaoni video ya José Mourinho akisema kwamba akiongea atapata matatizo makubwa. Hakutaja kosa wala hakutia sahihi popote. Ilichukua wiki tatu kabla hajaandika waziwazi kwamba anaamini Niemann amedanganya zaidi ya alivyokiri. Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji, ikatoa ripoti ya kurasa 72 iliyosema yaelekea Niemann alidanganya kwenye zaidi ya michezo 100 ya mtandaoni. Kuhusu ubao halisi, ripoti haikutoa ushahidi wa moja kwa moja, na Regan naye hakuona dalili ya udanganyifu kwenye michezo yake ya ubaoni. Ikaja kesi ya dola milioni 100, ikatupwa Juni 2023, wakapatana Agosti. Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE ikamtoza Carlsen yuro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali, ikamwona hana hatia kwenye shutuma ya kutoa tuhuma kiholela.

Uamuzi huo watu wengi huunukuu kama ruhusa. Mshtaki wetu aliunukuu vilevile: "Hata Carlsen hakufungwa kwa kuongea." Mimi nausoma tofauti. Niemann alikuwa amekiri mwenyewe kwamba alidanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena akiwa na 16. Kulikuwa na kitu cha kuanzia. Mtoto wa Nakivale hakuwa na historia yoyote, ya heri wala ya shari. Na hata hivyo sikubaliani kabisa na FIDE pale. Kuondoka mashindanoni na kuacha video ni tuhuma iliyovaa miwani myeusi, na mtu mwenye wafuasi wengi vile hahitaji kutaja jina ili jina litajwe.

Kramnik ameuchukua mtindo huo mbali zaidi, na ni ajabu ukikumbuka Elista. Kwa muda mrefu amekuwa akichapisha takwimu za wachezaji wa mtandaoni na kusema anauliza maswali tu. Mmoja wa walioulizwa hivyo, Daniel Naroditsky wa Marekani, alikanusha mara nyingi, na kwenye matangazo yake ya mwisho alieleza jinsi jambo lile lilivyomlemea. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Sisemi tuhuma ndizo zilizomuua. Lakini mwezi uliofuata FIDE yenyewe ilimfungulia Kramnik malalamiko kwenye kamati ya maadili, na laiti ingefanya hivyo mapema.

Basi tukaamua nini? Matokeo ya raundi ya nne yalibaki. Kuhusu ukaguzi wa raundi ya tano tulimtetea mwamuzi mkuu, kwa kuwa kanuni ya 11.3 ya sheria za sataranji za FIDE inampa uwezo wa kumkagua mchezaji faraghani, na alifanya kwa heshima. Kuhusu raundi ya sita hatukumtetea. Mtoto alikuwa ameshakaguliwa, hakukuwa na fomu, hakukuwa na jambo jipya, na kumtenga peke yake kwenye kona mbele ya ukumbi mzima kukawa ni adhabu. Kwa mshtaki tulitumia kanuni ya 11.1, ile inayomkataza mchezaji kuuvunjia mchezo heshima: onyo la maandishi, na sharti la kuandika kwenye kundi lilelile kwamba mtoto amekaguliwa na hakukutwa na kitu.

Mzee wetu alipinga sharti hilo. Hoja yake haikuwa dhaifu: tukimlazimisha mtu kujikana hadharani, kesho mwingine ataona udanganyifu wa kweli na atanyamaza. Nilimjibu kwamba fomu ilikuwa mezani tangu asubuhi, na angeijaza asingeonywa na mtu, hata kama angekuwa amekosea, maadamu ana sababu. Tulipiga kura, wawili kwa mmoja.

Mshtaki alifuta ujumbe wake wa kwanza, akaandika: "Nimeambiwa mtoto ni safi." Neno lile, nimeambiwa, lilimkera mwalimu wa Nakivale kuliko ujumbe wenyewe, lakini sharti lilikuwa limetimizwa na hatukuwa na fimbo nyingine. Mtoto alishinda raundi ya saba. Zawadi ya mchezaji bora asiye na reitingi ilikwenda kwa mwingine kwa nusu alama, na michezo ile miwili ya katikati hairudiwi.

Waandaaji walikubali mapendekezo mawili. La kwanza ni kukodi vile vijiti vya kukagulia ambavyo walinzi wanavyo kwenye mlango wa kila duka kubwa Kampala, na kumpitishia kila mchezaji mlangoni, mwenye reitingi na asiye nayo. La pili ni kuweka fomu ya malalamiko mezani kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, na tangazo kwamba mwamuzi hatachukua hatua kwa ujumbe wa WhatsApp. Mashindano yaliyofuata watu kadhaa waliichukua fomu wakaisoma. Iliyorudi imejazwa ilikuwa moja, ya mchezaji aliyeona mwanga wa simu mfukoni mwa mpinzani wa meza ya jirani. Simu ilikutwa, na mwenyewe akapoteza mchezo hapohapo.